Ya nani? Namna Kiingereza kinavyomtaja mwenye mali

Chukua karatasi mbili za Kiingereza. Ya kwanza imeandikwa "the cooperative's site". Ya pili imeandikwa "the cooperatives' site". Herufi ni zilezile, na mtu akizisoma kwa sauti, sikio halitasikia tofauti yoyote. Tofauti iko kwenye kialama kimoja kidogo cha juu, kama mkwaruzo wa kalamu. Katika karatasi ya kwanza kialama kimekaa kabla ya herufi s ya mwisho. Katika ya pili kimekaa nyuma yake.

Mkwaruzo huo una uzito. Karatasi ya kwanza inasema machimbo ni ya kooperative moja. Ya pili inasema ni ya kooperative mbili, tatu au zaidi. Mwenye kusoma bila kuangalia kialama anaweza kutia sahihi akidhani machimbo ni ya kundi lake peke yake, kumbe ameandikiwa wenzake ndani.

Kwa mwanafunzi wa eneo la Pangi hili ni jambo la pointi za mtihani wa taifa, ule Exetat. Kwa watu wazima linaweza kuwa jambo la mali. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Kiingereza hakimo. Lakini kinaingia kwa milango mingine. Kasiterite ya Kalima na Kampene huuzwa nje, na sheria ya Marekani ya mwaka 2010, pamoja na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kazi tarehe 1 Januari 2021, zinataka kampuni za kule zichunguze madini yanayotoka nchi zenye vita yamepitia mikono gani. Ndiyo sababu magunia yanafungwa lebo mgodini, kisha yanafungwa nyingine kwa mnunuzi, na makaratasi mengi ya safari hiyo ya madini huishia katika Kiingereza. Tena mwaka 2022 Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, ambako Kiingereza ni lugha ya ofisi. Mashirika ya misaada nayo huandika ripoti zao nyingi kwa lugha hiyo.

Basi ni vizuri kujua Kiingereza kinajibuje lile swali la kila siku: hii ni ya nani?

Kitu mbele, au mwenyewe mbele?

Kwa Kiswahili, kitu hutangulia na mwenyewe hufuata: kitabu cha mwalimu, nyumba ya baba, shamba la mama. Katika Kiswahili cha mtaani, Kindu au Kalima, wengi watasema "kitabu ya mwalimu" na "shamba ya mama", na wataeleweka bila shida. Mpangilio ni uleule: kitu, halafu kiungo, halafu mwenyewe.

Kilega hakitofautiani hapo. Ni lugha ya Kibantu, nacho kinaanza na kitu. Kifaransa cha shuleni pia: "le livre du maître", kitabu kwanza, mwalimu nyuma. Kwa hiyo mtoto wa Pangi anapofika kwenye somo la Kiingereza amekwisha kuzoea lugha tatu zinazokwenda njia moja. Ndipo anakutana na ya nne inayogeuka.

Kiingereza kinasema "the teacher's book". Neno kwa neno ni "mwalimu-ya kitabu". Mwenyewe anatangulia, anabandikwa kialama na herufi s, kisha kitu kinafuata. Shamba la mama ni "the mother's field". Jembe la babu ni "the grandfather's hoe".

Kosa linalotokea sana linatokana na mpangilio huo. Mwanafunzi anafikiri kwa Kiswahili au Kifaransa, anaanza na kitu, halafu anakumbuka kwamba kuna 's na kuibandika anapoweza. Anaandika "the book's teacher". Sentensi hiyo ina maana, ila si ile aliyoitaka. Imegeuka "mwalimu wa kitabu", kana kwamba kitabu ndicho kinachommiliki mwalimu. Kanuni ya kushika ni hii: 's hubandikwa kwa mwenye mali, haibandikwi kwa mali.

Njia fupi iko mdomoni tayari

Hata hivyo mzungumzaji wa Kiswahili ana msaada ambao hajui kwamba anao. Katika mazungumzo, watu hawasemi "nyumba ya baba" tu. Mara nyingi husema: "Baba, nyumba yake imebomoka." Au: "Yule mwalimu, kitabu yake iko hapa." Hapo mwenyewe ametangulia na kitu kimefuata, sawasawa na Kiingereza. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinaweka "yake" mwishoni, na Kiingereza kinaweka 's katikati.

Basi anayetaka kuandika "the teacher's book" bila kujikwaa, kwanza aseme kichwani mwake "mwalimu, kitabu yake". Mpangilio utakuja wenyewe. "Mchimbaji, gunia yake" ni "the miner's bag". "Chifu, barua yake" ni "the chief's letter".

Jambo la kufurahisha ni kwamba Waingereza nao waliwahi kupita hapo. Katika karne ya 16 na ya 17 baadhi ya waandishi wao waliandika "the king his house", yaani "mfalme, nyumba yake". Wengine waliamini kwamba ile s ya mwisho ni mkato wa neno "his". Haikuwa kweli. Dalili iko wazi: wanasema pia "the queen's house", na malkia ni mwanamke, hawezi kuwa na "his". Asili ya s ni ya zamani zaidi. Katika Kiingereza cha kale, majina mengi yaliongezewa "es" mwishoni kuonyesha mwenye mali. Kadiri miaka ilivyopita, sauti ya e ikafifia mpaka ikapotea, ikabaki s peke yake.

Kialama cha ng'ombe

Kialama chenyewe si kigeni kwa msomaji wa Kiswahili. Ni kilekile kinachoandikwa katika neno ng'ombe. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili vinakiita ritifaa. Waliosoma Kifaransa wanakijua kama apostrophe.

Umbo ni moja, lakini kazi ni tofauti. Katika ng'ombe kinaonyesha sauti, ili mtu asisome "ngombe" kama anavyosoma "ngoma". Katika Kifaransa kinaonyesha kwamba herufi imedondoka: "l'eau" badala ya "la eau". Wachapaji wa Uingereza walikichukua kutoka bara la Ulaya katika karne ya 16, nao wakakitumia kwanza kwa kazi hiyohiyo ya kuonyesha herufi iliyodondoka. Na kwa kuwa ile e ya "es" ya zamani ilikuwa imedondoka, kialama kikahamia polepole kwa mwenye mali. Desturi ya kukiweka nyuma ya s kwa wenye mali wengi ilikuja baadaye, katika karne ya 18.

Kwa hiyo kanuni hii haikushuka siku moja ikiwa kamili. Ilitengenezwa na wachapaji na walimu kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo sababu ina vikona vingi.

Mmoja au wengi?

Mwenye mali akiwa mmoja, kialama kinakuja kwanza na s inafuata: "the student's pen", kalamu ya mwanafunzi mmoja.

Wenye mali wakiwa wengi, na neno lao limekwisha kupata s ya wingi, haiongezwi s nyingine. Kialama kinawekwa nyuma tu: "the students' pen", kalamu ya wanafunzi wawili au zaidi.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata waliosoma vizuri. Mwanafunzi mmoja ana kalamu kumi. Wengi wataandika "the students' pens", kwa kuwa wanaona kalamu ni nyingi. Lakini kialama hakihesabu kalamu. Kinahesabu wenye kalamu. Mwanafunzi ni mmoja, kwa hiyo ni "the student's pens", hata zikiwa mia. Na wanafunzi arobaini wakichangia kalamu moja, ni "the students' pen".

Kuna maneno machache ambayo wingi wake hauishii kwa s: "men", "women", "children", "people". Hayo yanarudi kwenye kanuni ya mmoja, kialama kwanza na s nyuma: "the women's field", shamba la wanawake; "the children's school", shule ya watoto; "the people's voice", sauti ya watu. Anayeandika "childrens'" amekosea, kwa sababu neno "childrens" halipo kabisa katika Kiingereza.

Majina ya watu yanayoishia na s yanaleta ubishi. Kwa jina James, vitabu vingine vinaandika "James's house" na vingine "James' house". Yote mawili yanakubalika, mradi mwandishi asichanganye ndani ya karatasi moja. Kwa majina ya kale, desturi ya wengi ni kuweka kialama tu, kama katika maneno ambayo wasali huyasikia sana kanisani kwa Kiingereza: "in Jesus' name".

Wenye mali wakitajwa wawili kwa majina, mahali pa 's panaonyesha kama wanashiriki kitu au kila mmoja ana chake. "Kalima and Kampene's road" ni barabara moja ambayo miji yote miwili inaitumia; 's imebandikwa mara moja, kwenye jina la mwisho. "Kalima's and Kampene's markets" ni masoko mbalimbali, la Kalima peke yake na la Kampene peke yake. Kila jina limepata 's yake. Ndugu wawili wanaoandikiwa karatasi ya shamba wangefaa kulijua hilo.

Sikio halitoshi

Kwa wanaojifunza Kiingereza kwa kusikiliza, iwe redioni au kwenye simu, kuna onyo. "Teachers" (walimu), "teacher's" (ya mwalimu) na "teachers'" (ya walimu) hutamkwa namna moja. Mwingereza mwenyewe hawezi kuzitenganisha kwa sikio. Anatambua kutokana na sentensi nzima.

Kinachobadilika ni mlio wa s, kulingana na sauti iliyo mbele yake. Baada ya sauti kavu kama p, t, k na f, husikika s: "the cook's", "the chief's". Baada ya sauti nyingine nyingi husikika kama z: "the teacher's", "the farmer's". Na neno likiwa tayari linaishia na mlio wa s, z, sh au ch, huongezeka kipande kizima: "the boss's" husikika kama "bosiz", na "the church's" nalo hupata "iz" mwishoni.

Kwa hiyo mtu akisomewa karatasi ya Kiingereza kwa mdomo na kuambiwa "machimbo ni ya miner", haitoshi. Aulize: ni wa mmoja au ni wa wengi? Halafu aombe kuona lilivyoandikwa.

Kiingereza humtazama mwenyewe

Ukichunguza kwa makini, kanuni hizi zote zina mzizi mmoja. Kiswahili sanifu hutazama kitu. Ndiyo maana ni kitabu *cha*, shamba *la*, nyumba *ya*, kalamu *za*. Kiungo kinabadilika kulingana na kitu, si kulingana na mwalimu au mama. Kiswahili cha Pangi mara nyingi kinapunguza mzigo huo na kutumia "ya" kila mahali, lakini hata hapo mwenyewe habadilishi kitu.

Kiingereza hakijali kitu ni cha namna gani. Kitabu, shamba, kalamu kumi, ng'ombe mia: vyote kwake ni sawa. Kinachotazama ni mwenyewe: yuko mmoja au wako wengi?

Hali ni hiyohiyo kwa maneno kama yangu, yako na yake. Kiswahili kina "yake" moja kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kifaransa kina "son" na "sa", lakini kinachagua kwa kutazama kitu: nyumba kwa Kifaransa ni ya kike, kwa hiyo ni "sa maison" hata mwenyewe akiwa mzee mwenye ndevu. Kiingereza kinatazama mwenyewe: mwanamume ni "his house", mwanamke ni "her house". Mwanafunzi anayetafsiri "sa maison" kwa kuandika "her house" anampa mama nyumba ya baba. Hilo ni kosa la kawaida sana, wala si la uvivu. Ni Kifaransa kinachomvuta mkono.

Maneno hayo hayapewi kialama kamwe: "his", "hers", "ours", "yours", "theirs". Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, ule wa "its" na "it's". "Its" bila kialama ni "yake" ya kitu au mnyama: "the dog and its tail", mbwa na mkia wake. "It's" yenye kialama si mali hata kidogo. Ni mkato wa "it is", yaani "ni", au wa "it has". Waingereza na Wamarekani wenyewe hulikosea kila siku. Dawa ni moja: lisome neno kwa kirefu, "it is". Sentensi ikikubali, weka kialama. Ikikataa, ondoa.

Si kila "ya" inakuwa 's

Kiswahili hutumia "ya" na ndugu zake kwa mambo mengi: mlango wa nyumba, maji ya moto, safari ya siku mbili, mtu wa Kindu. Kiingereza kinayagawa.

Kwa watu na wanyama, 's ndiyo ya kawaida. Kwa vitu, mara nyingi hutumika "of", ambayo inarudi kwenye mpangilio wa Kiswahili na Kifaransa: "the door of the house", "the bank of the river". Au majina mawili hupangwa bila kitu katikati: "the church door", mlango wa kanisa, "the mine manager", msimamizi wa machimbo.

Kwa muda, 's inarudi, ingawa siku haimiliki kitu: "today's news", habari za leo; "a week's work", kazi ya wiki moja; "two days' walk", mwendo wa siku mbili kwa miguu. Angalia hiyo ya mwisho: siku ni mbili, kwa hiyo kialama kimekwenda nyuma ya s. Hesabu ya mishahara na siku za kazi katika mikataba huandikwa hivyo. "One month's pay" ni mshahara wa mwezi mmoja. "Three months' pay" ni wa miezi mitatu.

Na mahali fulani mtu ana maana ya "mtu wa Kindu", yaani anayetoka Kindu. Hapo Kiingereza husema "a man from Kindu". Neno "Kindu's" lingefaa kwa kitu cha mji wenyewe, kama "Kindu's airport", uwanja wa ndege wa Kindu.

Wenyewe wanagombana

Mwanafunzi anayechoshwa na kialama hiki asijione mjinga. Mjini London, kwenye reli ya chini ya ardhi iitwayo Piccadilly, kuna vituo viwili vinavyofuatana. Kimoja kimeandikwa Earl's Court, chenye kialama. Cha pili kimeandikwa Barons Court, bila kialama. Mwaka 2009 halmashauri ya mji wa Birmingham iliamua kuachana na alama hiyo kwenye vibao vya barabara, na watetezi wa sarufi wakapiga kelele. Huko Marekani, ofisi ya serikali inayosimamia majina ya mahali imekikataa kialama cha mali tangu ilipoanzishwa mwaka 1890. Mlima maarufu wa Colorado huandikwa Pikes Peak, na ni majina machache tu yaliyoruhusiwa kubaki nacho, kama kisiwa cha Martha's Vineyard.

Funzo lake ni jepesi. Jina la mahali liandikwe kama wenyewe wanavyoliandika, bila kulisahihisha. Kanuni ni kwa sentensi za kawaida, na kwa mikataba.

Alama si hati

Limebaki jambo la mwisho, na kwa watu wa machimbo ndilo lenye uzito. 's inaitwa alama ya kumiliki, lakini haithibitishi umiliki. Inaonyesha tu kwamba vitu viwili vinahusiana. "The father's photograph" inaweza kuwa picha ambayo baba anayo mfukoni, picha aliyoipiga yeye, au picha inayomwonyesha yeye. "The miner's bag" ni gunia alilobeba mchimbaji. Huenda gunia ni la tajiri wake. "The miners' site" ni mahali wachimbaji wanapofanya kazi. Neno hilo peke yake haliwapi haki yoyote juu ya mahali hapo.

Hata "ya" ya Kiswahili iko hivyo. Watu husema "msitu ya chifu", "shamba ya kijiji", na kila mtu anajua kwamba mbele ya mahakama maneno hayo yatadai maelezo zaidi. Katika eneo la Pangi historia yenyewe inafundisha. Bati la Kalima liliitwa la Symétain enzi za Wabelgiji. Mwaka 1976 Symétain iliunganishwa na kampuni nyingine, zikawa Sominki. Mwaka 1997 ikaja Sakima. Mlima ulikuwa uleule na jiwe lilelile. "Ya" ndiyo iliyobadilika jina.

Na juu ya majina yote hayo kuna sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Kodi ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema vilevile kuhusu madini yaliyo chini. Mchimbaji mdogo hupata haki yake kwa kadi yake, kwa kuwa ndani ya kooperative inayotambuliwa, na kwa kuchimba katika eneo lililotengwa. Haki hiyo iko kwenye hati za Serikali, nazo hutolewa kwa Kifaransa. Ukurasa wa Kiingereza wenye 's kumi hauwezi kuziba nafasi ya hati moja inayokosekana.

Basi anayeletewa karatasi ya Kiingereza aulize maswali matatu kabla ya kushika kalamu. La kwanza: 's au s' imebandikwa kwenye jina la nani? Huyo ndiye anayetajwa kuwa mwenyewe. La pili: kialama kiko kabla ya s au nyuma? Hapo atajua ni mmoja au ni wengi. La tatu: je, kuna mahali katika karatasi ambapo umiliki umeelezwa kwa maneno kamili, kwa jina la kooperative, namba ya hati na tarehe? Kama hakuna, aombe tafsiri ya Kifaransa au Kiswahili, na amtafute mtu anayejua lugha zote mbili asiye na faida katika biashara hiyo. Mwalimu wa Kiingereza wa shule iliyo karibu anaweza kufaa.

Mazoezi kwa wanafunzi, na kwa wazazi pia

Ziba majibu kwa mkono kwanza. Tafsiri kwa Kiingereza:

1. Viatu vya mtoto (mmoja).
2. Mpira wa watoto.
3. Ofisi ya wauguzi.
4. Nyumba yake (ya babu).
5. Kazi ya siku tatu.
6. Mlango wa kanisa.

Majibu: 1. "The child's shoes". Viatu ni viwili, lakini mwenyewe ni mmoja. 2. "The children's ball". 3. "The nurses' office", kwa kuwa wauguzi ni wengi. 4. "His house", maana babu ni mwanamume. 5. "Three days' work". 6. "The church door", au "the door of the church".

Aliyepata zote sita amekwisha kushika njia. Aliyekosa ya kwanza arudi pale juu penye kalamu za mwanafunzi, asome tena polepole: kialama kinahesabu wenyewe, hakihesabu vitu.